Sura ya Saba: Mkwe Kabla ya Mahari

Mama Ngeleka hakuja ranchi kusalimia watu. Alikuja kumchukua binti yake, na yeyote aliyemwona akishuka kwenye kamyo, lori la maziwa, kikwembe kipya kiunoni, kikapu mkononi, midomo imebanwa, alilijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Tshiela alimwona kutoka mlangoni mwa darasa na chaki ikamkatikia mkononi. Tangu Septemba alikuwa akifundisha watoto wa wachungaji huku juu kwenye uwanda wa Biano, mbali na mashimo ya shaba na moshi wa Kolwezi alikozaliwa. Alijua siku hii itafika. Habari zilikuwa zimeshuka Lubudi pamoja na maziwa, zikapanda treni, zikafika mtaa wa kwao wa Manika kabla yeye mwenyewe hajapata ujasiri wa kuzisema: mwalimu anapendana na kapita, msimamizi wa ng'ombe. Mapenzi ni kikohozi, ukibana kinywa yanatokea puani.

Aliwaruhusu watoto, akamwendea mama yake na kupiga goti kidogo.

"Mama, mulifika? Hamukutuma hata habari."

"Habari ndiyo mi nakuya kutafuta." Mama Ngeleka aliweka kikapu chini, kando ya njia. "Ni kweli yenye banasema ku Manika? Weye na mutu wa bangombe?"

Tshiela angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka kulificha jambo lililomfurahisha kuliko yote aliyowahi kuyapata.

"Ni kweli, mama."

"Jina yake?"

"Kisimba. Ni mutu wa Bukama."

"Bukama," mama alirudia, akilionja neno lenyewe kama samaki aliyelala siku mbili. "Haiko hata mutu wa kwetu ku Kasai. Na tata yako iko anamupokea Kazadi ku nyumba kila siku ya Mungu. Kazadi, mutu wa biro, shati nyeupe, anataka kukuoa. Kesho asubuhi kamyo inashuka Lubudi. Tunapanda ndani, weye na mi. Wende ufunge bintu."

"Na batoto ba masomo?"

"Bo batapata mwalimu ingine. Mi sitapata mutoto ingine."

Tshiela alikuwa tayari kubishana, lakini neno hilo la mwisho lilimzuia. Alijua mama anamfikiria nani. Dada yake mkubwa, Valérie, kama walivyoendelea kumwita nyumbani hata baada ya serikali kufuta majina ya ubatizo kwenye vitambulisho, aliolewa na mwanaume aliyechaguliwa na mama huyuhuyu. Mwanaume huyo alisema Kifaransa kizuri na alijua kuchana nywele. Valérie alirudi nyumbani mkono umevunjika na jicho moja limefumba. Tangu siku ile Mama Ngeleka hakulala usingizi wa kweli. Na kama mtu wa kalamu alifanya vile, mtu wa fimbo, anayeshinda akipiga wanyama, atafanya nini? Hilo ndilo lililompandisha treni.

Bahati mbaya, au bahati tu, siku hiyo ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wote walipaswa kupita kwenye bwawa la dawa ya kupe, na njia ya kwenda joshoni ilipita mbele ya shule. Vumbi jekundu likainuka. Kundi likatokea, pole pole, bila kelele, na ubavuni mwa ng'ombe wa kwanza alikuwa Kisimba.

Tshiela hakuweza kujizuia kumtazama, hata mama yake akiwa kando. Kisimba hakuwa mzuri kama wanaume wa kwenye kalenda. Alikuwa mrefu, amekonda, masikio makubwa. Lakini alivyotembea! Hakuwa na fimbo. Alikwenda sawa na bega la ng'ombe. Akisogea mbele kidogo, mnyama anapunguza mwendo. Akirudi nyuma kidogo, mnyama anaongeza. Siku zote yeye na kundi zima walikuwa wakizungumza hivyo, hatua kwa hatua, bila neno. Na hivyohivyo ndivyo alivyompata Tshiela mwenyewe. Masika yote alisimama kwenye ua wa shule jioni, mahali anapoonekana, akasalimia, akaenda zake. Ni Tshiela aliyekwenda uani siku moja kumuuliza kama hana neno la pili.

Basi Kisimba akainua macho, akaona mama mgeni njiani. Akaona paji la uso la Tshiela juu ya uso wa mtu mzima. Na hapo miguu yake ikafanya jambo ambalo kichwa hakikuituma.

Hapa niseme kitu kwa msomaji asiyetoka kwetu. Waluba, wa Kasai na wa Katanga, hata wakinuniana juu ya mengine yote, kwa jambo hili ni kitu kimoja: mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanaume huingia majanini, hugeuza uso, hungoja apite. Hawali pamoja, hawakai pamoja. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Lakini heshima hiyo huja na mahari. Kabla mbuzi hawajafika, mama wa msichana ni mama wa watu tu, na mwanaume anayemfichia uso ni mwendawazimu au ni mjeuri.

Kisimba aliingia majanini. Akageuka, akavua kofia, akajifunika uso kwa kofia hiyo, akasimama pale kama mkwe aliyeoa tangu miaka kumi.

Mahali alipokuwa akitembea palikuwa na pengo kwenye ua wa kando ya njia, na siku ya josho yeye ndiye aliyekuwa ua. Ng'ombe wa kwanza, jike mkubwa mwenye mabaka aliyeitwa Madamu, aliona pengo limebaki tupu. Hakukimbia. Alipita kwa heshima zote, akafika kwenye kikapu cha Mama Ngeleka, akaingiza pua. Unga wa muhogo uliotoka Kolwezi ukapanda hewani. Wenzake wakamfuata, mmoja akasimama juu ya samaki wakavu.

Mama Ngeleka alitazama kikapu, akatazama mgongo wa Kisimba.

"Njo huyu?" alimuuliza binti yake.

Tshiela alitamani ardhi ipasuke.

"Weye kijana. Unajificha, na ngombe yako inakula bukari yangu. Geuka hapa."

"Samahani, mama," Kisimba aliyaambia majani.

"Nasema ugeuke. Juu ya nini unanifichia uso? Nani alikuambia mi ni mama ya bibi yako? Ulileta mbuzi? Ulileta hata kuku? Bwana yangu Mulumba alikunywa pombe yako siku gani?"

Wachungaji wengine, nyuma, walikuwa wakiangalia mawingu na kukohoa ili wasicheke. Kisimba aliendelea kuinamisha kichwa. Kadiri mama alivyomkaripia ndivyo alivyozidi kumheshimu, na kadiri alivyomheshimu ndivyo heshima hiyo ilivyozidi kuwa tusi. Mwishoni alirudi kinyumenyume, uso bado pembeni, akawazunguka ng'ombe kwa mbali. Akasimama pale ambapo jicho la Madamu lingemwona. Akapiga hatua moja kwake. Madamu akainua kichwa, pua nyeupe kwa unga. Kisimba akarudi hatua moja nyuma, kumshukuru. Na Madamu akageuka, akarudi njiani akitafuna, na kundi zima likamfuata.

Hakumpiga. Hakumtukana hata kwa sauti ya chini. Mama Ngeleka aliona hayo, lakini alikuwa na hasira mno kuyasema.

"Funga bintu," alimwambia Tshiela.

*

Mchana, ng'ombe walipokuwa wamesimama juani wakichuruzika dawa, Tshiela alimfuata Kisimba kwenye ua wa josho. Alikuwa amelia, na alikuwa amenawa uso ili isijulikane, na ilijulikana.

"Mama ananipeleka kesho," alisema.

"Nilisikia."

"Ulisikia. Na utafanya nini?"

Kisimba alishika gogo la ua kwa mikono miwili. "Tshiela, ule ni mama yako. Mi nitafanya nini? Nimupe tu njia. Mutu mwenye hasira, ukimusukuma, anakurudilia. Ngoja apole."

"Apole wapi? Ku Kolwezi? Na mi niko ndani ya nyumba ya Kazadi, napika, namungojea Kisimba wa kumupa kila mutu njia?"

"Usiseme vile."

"Niseme namna gani? Leo mama alikuya kukuona, akaona mugongo. Mugongo na kofia." Kamasi zilimshuka, akazifuta kwa kiganja bila kujali. "Unajua anasema nini? Anasema mutu wa kuficha uso mbele ya ndoa, kisha ndoa ataficha mukono wa kupiga."

Hilo lilimchoma. Aligeuka kwa mara ya kwanza akamtazama, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Tshiela.

"Nilikuwa na haya," alisema. "Kila siku ninafikiri juu ya mama yako. Ninafikiri siku yenye nitatoka mu njia mbele yake na batu bote banajua juu ya nini. Nilimuona, nikasahau kama siku ile haiyafika. Moyo ilishaka kumuita mukwe, kinywa haiyaomba kitu."

Tshiela alitaka kuendelea kukasirika lakini neno lile lilimvunja nguvu. Alimpenda mwanaume huyu. Alimpenda kwa haya yake na kwa masikio yake, na kesho asubuhi angempoteza kwa sababu ya adabu.

"Sikiya," alisema, sasa kwa upole. "Nani alinifundisha kama ngombe haipendi mutu wa kusimama nyuma yake? Weye. Ulisema nini?"

"Nilisema haimuoni. Chenye haioni, inaogopa."

"Na tunafanya nini?"

"Tunasimama mahali jicho inatuona." Upepo wa kiangazi ulipita uwandani, baridi hata juani. "Kisha njo tunaipa njia."

"Kisha," Tshiela alisema. "Weye ulianza na kisha."

Akamwacha hapo uani. Kumpa mtu njia ni jambo jema, lakini kuna wanaopisha kila kitu maishani mwao, kazi, kiti, mwanamke, halafu wanaita hilo upole. Kisimba alibaki akilifikiri hilo mpaka ng'ombe wakakauka.

*

Jua lilipokuwa likigusa majani, Mama Ngeleka alikaa mbele ya nyumba ya mwalimu akikoroga bukari, ugali wao, kwenye jiko la mbabula, kwa unga wa kuazima. Valizi la nguo la Tshiela lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Kisimba akaja. Alikuwa ameoga na kuvaa koti ambalo mikono yake haikufika kwenye vifundo. Alikuja kwa mbele, si kwa pembeni, na alisimama ng'ambo ya moto akamtazama mama usoni.

Tshiela, ndani, alimwona kupitia ufa wa mlango.

"Jambo yenu, mama."

"Leo una uso," Mama Ngeleka alisema.

"Ndiyo, mama. Nilikuya muione. Mi ni Kisimba, mutoto ya Mbayo, wa Bukama. Ninamupenda Tshiela. Nitatuma batu ba kwetu kwa tata Mulumba, bataomba namna inaombwa. Lakini mulitoka mbali kuangalia mutu wa namna gani. Basi muangalie."

Mama alimwangalia. Alichukua muda wake, kama mtu anayechagua kitambaa na hataki kuharakishwa na mwenye duka. Kisimba hakushusha macho, ingawa kila kitu alicholelewa nacho kilimwambia ashushe.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Haiko, mama."

"Mutu wa bangombe bila fimbo?"

"Ukiipiga, leo itaenda. Kesho itakuona, itakimbia. Kila siku utapiga zaidi. Mi sina nguvu ya vile."

"Na ukikasirika?" Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Usiniambie haukasirikake. Kila mutu anakasirikaka. Mi nauliza, mukono yako inafanya nini?"

Kisimba alitoa jibu alilokuwa nalo, zuri au baya.

"Inatetemeka, mama. Ngombe inajuaka mbele mi mwenyewe nijue. Basi natoka mu lupango ya ngombe. Namuambia mwenzangu ashike kazi, naenda ku maji, nangojea moyo ishuke."

"Na bibi? Utamuambia mwenzako ashike kazi?"

Nyuma ya mlango Tshiela alijiziba kinywa. Masikio ya Kisimba yakawa moto.

"Hapana, mama. Bibi nitatoka inje, nitapasua kuni. Pengine siku ingine ye atakuwa na kuni mingi kupita bibi yote ya kambi."

Kona ya mdomo wa Mama Ngeleka ilicheza, akairudisha mahali pake mara moja.

"Nimekuona," alisema. "Wende."

Ni hayo tu. Kisimba aliinama akaenda, na giza lilikuwa bado halijaingia. Tshiela alitoka akachuchumaa karibu na moto.

"Mama, munasema nini?"

"Nasema bukari itaungua." Lakini hakukoroga. Alikuwa akitazama njia ambayo yule kijana alipita. "Bwana ya Valérie nilimuuliza mambo mingi. Nilimuuliza masomo, nilimuuliza kazi, nilimuuliza jamaa. Ile moja sikumuuliza." Akajifuta jicho kwa ncha ya kikwembe, akasingizia moshi. "Lete sahani."

Walikula. Tshiela hakuthubutu kuuliza tena, na valizi lilibaki mlangoni na kamba yake.

*

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi, na mikebe ya maziwa ilitoa mvuke nyuma ya kamyo. Valizi lilikuwa tayari limepakiwa. Tata Mukalay, dereva, mzee wa Bukama naye, alikuwa akipasha injini moto. Kisimba alikaa kando yake ndani ya kabine, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yake kukabidhi maziwa kwenye gare ya treni ya Lubudi, na kwa sababu alitaka kuwa karibu na Tshiela mpaka mwisho wa njia, hata kama mwisho wenyewe ungemuua.

Tshiela alikuja nyuma ya mama yake. Hakuwa amelala. Alitazama shule, akatazama ua ambapo mtu alikuwa akisimama masika yote, akahisi moyo wake unakatwa kipande kwa kipande.

Mama Ngeleka alifika mlangoni mwa kabine, akaweka mguu kwenye ngazi, akaona aliyemo ndani. Akashusha mguu.

"Tata Mukalay," alisema. "Muambie ule mutu atoke."

Kisimba aliteremka upande wa pili. Alikuwa ameonekana, na hii ndiyo hukumu. Tshiela alifumba macho.

"Muambie apande kule nyuma, na maziwa."

"Mama, baridi ni kali," Mukalay alisema. "Hapa mbele kuna nafasi ya batu batatu."

"Nafasi iko. Mi najua nafasi iko." Mama Ngeleka alikuwa amegeuka. Alivuta kikwembe chake cha juu mpaka kikafunika kichwa, kikafunika shavu lote lililokuwa upande wa Kisimba. "Lakini mi na ule mutu kukaa kabine moja mpaka Lubudi, haiwezekane. Niko na haya."

Injini iliendelea kunguruma. Mukalay ndiye aliyeelewa kwanza. Alivua kofia yake pole pole, akaiweka magotini. Kisimba alisimama kinywa wazi, halafu akaruka kati ya mikebe kwa haraka ambayo Madamu asingeikubali hata kidogo, akageuza uso kwenye uwanda, upande wa pili kabisa, mbali na dirisha la mama.

"Na valizi, mama?" Mukalay aliuliza.

"Ishushe. Mwalimu anaachaka batoto katikati ya mwaka? Atakuya ku Kolwezi siku batu ba ule mutu batakuya kuonana na bwana yangu. Tuende, nitakosa treni."

Tshiela alikimbilia mlango, akamshika mama yake mkono. Mama aliuminya, akaupiga kofi dogo, akauachilia. Kamyo ikaondoka. Kisimba hakuweza kugeuka kumuaga, maana Tshiela alikuwa amesimama upande wa dirisha la mama, basi akaupeleka mkono nyuma ya mgongo na kumpungia hivyo, vidole vimefunguka vyote, mpaka vumbi likamficha.

Tshiela alikaa juu ya valizi lake katikati ya njia, akalia kwa sauti. Wanawake wa kambi waliokuja kuchota maziwa wakaacha ndoo zao, wakamzunguka.

"Mwalimu, ni nini? Nani alikufa?"

"Haiko mutu," alisema, akicheka ndani ya machozi. "Mama anakataa kumuangalia Kisimba."

Na wanawake wale, Waluba watupu, wakapiga vigelegele.